Kutoka Keko Hadi Nabugoye: Safari ya Kufuata Maji ya Utakaso

Keko ni kata ya Wilaya ya Temeke iliyo kati ya Barabara ya Nyerere, Barabara ya Chang'ombe na maeneo ya Kurasini, na jina lake jijini Dar es Salaam limejengwa na vitu viwili visivyofanana hata kidogo, yaani gereza na samani. Kando ya Barabara ya Chang'ombe mafundi seremala hupanga nje vitanda vya mninga na mkongo, makabati, fremu za makochi ambazo hazijavikwa kitambaa na, hapa na pale, mabenchi yaliyoagizwa na kanisa fulani, hivyo msafiri anayepita kwa miguu huziona ndani ya hatua chache daraja zote za kazi: mbao zilizorandwa, kitanda kilichokwisha kuunganishwa lakini bado kinakwaruza, kingine kinachopigwa msasa, na kingine kinachong'aa kwa vanishi kikingoja guta au kirikuu cha kukipeleka kwa mwenyewe. Safari inayosimuliwa hapa inaanzia kwenye vitanda hivyo, ingawa nia yake ni kufuatilia maana ya utakaso katika dini za Kiyahudi na Kikristo, na kuna sababu ya kufanya hivyo.

Katika Mishna, ambayo ni mkusanyo wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi uliohaririwa Galilaya takriban mwaka 200 B.K. chini ya Rabi Yehuda aliyeitwa Mwana wa Mfalme, kitabu kirefu kuliko vyote ni kile kinachoitwa Kelim, chenye sura 30, na kazi yake yote ni kuamua vyombo na samani za aina gani zinaweza kupata unajisi na tangu lini. Sura ya 16 inauliza swali ambalo fundi wa Keko angelielewa bila kufafanuliwa: kitanda cha mbao kinahesabiwa kuwa kitanda kuanzia lini? Jibu ni kwamba kitanda, pamoja na kitanda cha mtoto, huanza kuwa katika hatari ya unajisi pale kinapokuwa kimelainishwa kwa ngozi ya samaki, ambayo ndiyo iliyokuwa msasa wa mafundi wa zama hizo. Na kama mwenye kitanda ameamua kwamba hatakilainisha, basi kimekwisha tangu hapo. Kitanda kibichi, chenye vumbi la mbao na gundi iliyovujia kwenye viungo, hakiwezi kunajisika, ilhali kile kisafi, kilichokamilika na kupendeza, ndicho kinachoweza.

Jambo hilo dogo linapindua dhana ambayo wasomaji wengi wa Biblia huwa nayo wanapofungua Mambo ya Walawi sura ya 11 hadi ya 15, yaani dhana kwamba najisi ni kitu kichafu na kwamba kutakaswa ni kuondolewa uchafu. Unajisi wa Torati ni hali, wala hauonekani kwa macho. Vyanzo vyake vikuu vinavyomhusu binadamu ni maiti, maradhi fulani ya ngozi ambayo Biblia za Kiswahili huyaita ukoma, na vitu vinavyotoka katika viungo vya uzazi, yaani hedhi, damu ya uzazi, shahawa na usaha. Na sehemu kubwa ya vyanzo hivyo haiepukiki, tena mara nyingine ni wajibu. Anayemwosha na kumzika mzazi wake amefanya tendo jema na amenajisika kwa siku saba. Mke na mume waliolala pamoja hawakutenda dhambi, lakini wote wawili wataoga na kungoja jioni. Kilichozuiwa kwa mtu wa hali hiyo kilikuwa kimoja hasa: kukaribia Hekalu na vitu vitakatifu. Kwa msomaji wa Kiislamu, na Keko wako wengi, hilo halihitaji maelezo marefu, kwa kuwa mwenye janaba naye hakutenda kosa lolote, ila hawezi kusimama kwenye sala mpaka aoge.

Msomi Jonathan Klawans, katika utafiti wake uliotoka mwaka 2000, ameonyesha kwamba Biblia ya Kiebrania ina unajisi wa aina mbili ambao haifai kuuchanganya: ule wa kiibada, unaoambukiza kwa kugusa, hudumu kwa muda na kuondoka kwa maji na saa, na ule wa kimaadili, unaoletwa na uuaji, uzinzi na ibada ya sanamu, ambao hauambukizi kwa kugusa, wala hakuna josho liwezalo kuuondoa. Kabla yake Mary Douglas, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi miongoni mwa Walele wa Kasai nchini Kongo, alikuwa amesema katika kitabu chake cha mwaka 1966 kwamba uchafu ni kitu kilichokaa pasipo mahali pake, na kwamba miiko ya Walawi ni njia ya kulinda mpangilio wa ulimwengu. Nadharia ya Douglas ni maarufu zaidi na husomeka kwa raha, lakini ya Klawans ndiyo inayomfaa msafiri anayetaka kuelewa kinachotendeka katika makanisa ya Temeke, kwa sababu historia ya utakaso wa Kikristo ni kwa kiasi kikubwa historia ya aina hizo mbili kumezana.

Ukiacha barabara ya lami na kuingia ndani, kuelekea Keko Machungwa au Keko Magurumbasi, maji huwa jambo la kuhesabiwa. Kuna bomba la DAWASA kwa waliounganishwa, kuna visima virefu ambavyo maji yake mara nyingi yana chumvi, kuna matangi ya plastiki juu ya minara ya zege, na kuna madumu ya njano yanayopangwa kwenye mikokoteni na kuuzwa nyumba kwa nyumba. Katika mitaa hiyo hiyo, yenye misikiti, makanisa makubwa na makanisa ya mabati yaliyobanana na nyumba za kupanga, swali la kidini linalogawa familia za Kikristo zaidi ya mengi mengine ni la maji vilevile: je, mtu amebatizwa kwa maji machache au kwa maji mengi? Mkatoliki, Mlutheri na Mwanglikana aliyemiminiwa maji kichwani akiwa mchanga huambiwa na jirani yake aliyeokoka kwamba ule haukuwa ubatizo, na kwamba akiamini kwa kweli atazamishwa mwili mzima kama Yesu alivyozamishwa na Yohana mtoni Yordani. Wanaokubali hubatizwa upya, jambo ambalo wazee wa usharika waliotoka hulichukulia kuwa dharau, na wenyewe wanaolifanya husema si upya, kwa kuwa hapakuwa na la kwanza.

Wayahudi wa karne za kwanza nao walibishana juu ya kiasi cha maji, ila mzani wao ulikuwa mwingine. Dimbwi la utakaso, ambalo kwa Kiebrania huitwa mikve, lazima liwe na seah 40, kipimo ambacho kwa makadirio ya leo ni mamia kadhaa ya lita kutegemea mamlaka inayofuatwa, na mtu lazima azame wote, hata unywele usielee juu, wala pasiwe na kitu kinachotenga maji na ngozi. Kucha za kubandika, nywele bandia na rangi ya kucha zingetolewa kwanza, kama anavyoziondoa mwanamke wa Kiislamu kabla ya josho lake. Lakini kipimo hicho ni nusu tu ya sheria, na nusu ya pili ndiyo yenye uzito: maji hayo yasiwe yamechotwa. Yawe ya mvua, ya chemchemi, ya mto au ya bahari, yaliyofika yenyewe mahali yalipo. Maji yaliyopita ndani ya chombo, hata yakiwa yamechujwa na kutiwa dawa mpaka yakawa safi kuliko ya kisima chochote, hayamtakasi mtu, na kiasi kidogo cha logi tatu, yaani kama lita moja hivi, kikimwagwa katika dimbwi ambalo halijafika seah 40 hulibatilisha lote.

Kwa sheria hiyo, maji yote yanayouzwa kwa dumu mitaani Keko hayafai kitu. Tangi la plastiki nalo halifai, hata likijaa hadi mdomoni, kwa kuwa ni chombo kilichotengenezwa kupokea na kuhamishwa. Bali shimo lililochimbwa ardhini na kujengwa kwa saruji, ambalo mvua ya masika inaliingia moja kwa moja kutoka kwenye bati, lingekuwa na nafasi. Pana werevu wa ajabu katika masharti haya, ambao wasomi wa Kikristo wa karne zilizopita waliuona kuwa ukavu wa herufi tu. Sheria inamwondolea mtu uwezo wa kujitengenezea utakaso wake kwa mikono yake mwenyewe: anaweza kuchimba, kujenga na kusubiri, lakini maji yenyewe lazima yaje.

Kutoka Keko, kwa kupitia Kurasini, yalipo makao ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, msafiri hufika kwenye Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, na kuvuka mkono wa bahari kuingia Kigamboni. Fukwe za upande huo ni mojawapo ya mahali ambapo makanisa ya kilokole ya jiji, yasiyo na birika la kuzamishia, huwapeleka waumini wao wapya. Utaratibu wake hauna mapambo mengi: wanaobatizwa huvaa kanzu au nguo za kawaida zisizowashika, mchungaji na msaidizi huingia mpaka maji yawafikie kiunoni, kila mmoja huulizwa imani yake, hushikwa mgongoni, hulazwa chini ya wimbi na kuinuliwa, na waliobaki mchangani huimba mapambio huku wakiwashikia wenzao khanga kavu. Wengi wa wanaofanya hivyo hawana habari kwamba bahari yenyewe ilikuwa na kesi yake katika Mishna. Katika kitabu kinachohusu madimbwi ya utakaso, Rabi Meir anasema bahari zote zina hukumu ya mikve, akitegemea Mwanzo sura ya kwanza, ambapo Mungu aliuita mkusanyiko wa maji bahari. Rabi Yehuda, asiye yule mhariri wa Mishna, anaikubali Bahari Kuu pekee, yaani Mediterania. Na Rabi Yosi anakubali zote hata kama zinatembea, isipokuwa kwa matakaso fulani yanayodai maji ya chemchemi hasa. Kwa hukumu ya Rabi Meir na ya Rabi Yosi, maji ya Kigamboni, yasiyolipiwa hata senti na yasiyonyweka, yanatakasa. Na yale ya dumu, yaliyonunuliwa kwa jasho, hayatakasi.

La kushangaza zaidi ni hadhi ya Yordani yenyewe. Hesabu sura ya 19 inaeleza namna ya kumtakasa aliyegusa maiti: ng'ombe jike mwekundu asiye na waa huchomwa nje ya kambi, majivu yake huchanganywa na maji ya uhai, maana yake maji yanayotiririka, na mchanganyiko huo hunyunyizwa siku ya tatu na ya saba. Mishna inapoorodhesha maji yasiyofaa kwa kazi hiyo inautaja mto Yordani pamoja na Yarmuk, kwa sababu maji yake ni mseto wa vijito vinavyofaa na visivyofaa. Mto huo ulitosha kwa kuoga kwa kawaida, na Naamani wa Shamu aliambiwa ajichovye humo mara saba. Lakini kwa utakaso mzito kuliko yote ulikataliwa. Mlokole anayesisitiza mfano wa Yordani na Mlutheri anayejitetea mbele yake wote wawili wangeshangaa kujua kwamba marabi walikuwa na mashaka na mto wenyewe.

Kuhusu Wakristo wa mwanzo kuna ushahidi mzuri katika Didake, kijitabu cha mafundisho kinachokadiriwa kuwa cha mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, ambacho nakala yake iligunduliwa Konstantinopoli mwaka 1873 na kuchapishwa muongo mmoja baadaye. Sura yake ya 7 inaagiza kubatiza katika maji ya uhai. Yasipopatikana, katika maji mengine. Yasipopatikana ya baridi, hata ya moto. Na vyote viwili vikikosekana, kumimina maji kichwani mara tatu. Ngazi hizo ni za Kiyahudi kabisa, kwani Mishna nayo hupanga maji kwa daraja kutoka ya shimo hadi ya uhai, lakini mwelekeo wake umegeuka: kile ambacho kwa marabi ni mpaka wa kubatilisha, kwa Didake ni upendeleo tu, na daraja ya chini kabisa bado inahesabiwa. Wanaobishana Keko kuhusu maji mengi na machache wamerithi kila mmoja nusu ya sura hiyo, na sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inazikubali njia zote mbili, kuzamisha na kumimina.

Mgeuko huo haukutokana na uhaba wa maji. Katika Marko sura ya 7 Yesu anabishana na Mafarisayo juu ya kunawa mikono kabla ya kula, na kuhamisha chanzo cha unajisi kutoka katika kinachoingia mwilini hadi katika kinachotoka moyoni, nacho ni wizi, uuaji, uzinzi na kiburi. Kwa lugha ya Klawans, amechagua unajisi wa kimaadili na kuupa jina lote. Waraka kwa Waebrania, sura ya 9, unakwenda mbali zaidi kwa kuyataja majivu ya ng'ombe na kuyatumia kama kipimo: kama yaliweza kuutakasa mwili, basi damu ya Kristo itaitakasa dhamiri. Hekalu lilipobomolewa na Warumi mwaka 70 B.K., dini zote mbili zilibaki bila mahali ambapo unajisi wa kiibada ulikuwa unazuia kuingia, na kila moja ikajibu kwa namna yake. Wayahudi, ambao kwa kukosa majivu ya ng'ombe mwekundu wanahesabiwa wote kuwa na unajisi wa maiti hadi leo, walizihifadhi sheria zile zinazoweza kushikwa nyumbani: mke kuingia mikve baada ya hedhi na siku saba safi, mwongofu kuzamishwa, vyombo vipya vilivyotoka kwa asiye Myahudi kutumbukizwa, mikono kunawishwa kwa kikombe kabla ya mkate, maiti kuoshwa na kuvishwa sanda nyeupe, na makuhani wa ukoo wa Haruni kukwepa makaburi. Wakristo waliyakusanya matakaso yote katika josho moja lisilorudiwa, wakatangaza kwamba mengine yamekwisha.

Hayakwisha. Msafiri anayerudi mjini kwa pantoni na kushuka Magogoni hukuta karibu na maji makanisa mawili ya zama za Wajerumani, Kanisa Kuu la Azania Front la Walutheri, la mwaka 1898, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902. Katika kanisa la Kikatoliki mwumini huchovya vidole katika maji ya baraka mlangoni, na padre hunawishwa mikono kabla ya kuweka wakfu mkate na divai. Hayo ni mambo ambayo kuhani wa Hekalu, aliyenawa mikono na miguu kwenye birika la shaba kabla ya kuikaribia madhabahu, asingeyaona mageni. Sheria ya Walawi 12, inayompa mzazi wa mtoto wa kiume siku 40 na wa mtoto wa kike siku 80 kabla ya kukaribia patakatifu, iliishi katika makanisa ya Magharibi kwa sura ya ibada ya kumpokea mama baada ya kujifungua, na sikukuu ya tarehe 2 Februari huadhimisha siku ambayo Maria mwenyewe, kwa habari ya Luka, alitoa sadaka ya maskini, yaani ndege wawili. Jacob Milgrom, aliyetoa fafanuzi kubwa ya Walawi katika juzuu tatu kati ya mwaka 1991 na 2001, alisisitiza kwamba sadaka hiyo haikuwa ya kufuta kosa la mama, kwa kuwa hakuna kosa, na kwamba damu yake ilipakwa madhabahuni wala haikupakwa kwa mtu: kilichokuwa kikisafishwa ni patakatifu. Wanawake wa Kikristo wa Keko, kwa Wakatoliki na kwa walokole, bado hungoja kutoka arobaini kabla ya kumpeleka mtoto kanisani, na ukiwauliza watasema ni desturi ya pwani, ambayo nayo ni kweli.

Nchini Ethiopia hesabu hiyo haikubadilishwa jina hata kidogo. Kanisa la Tewahedo hubatiza mtoto wa kiume siku ya 40 na wa kike siku ya 80, na anayejihisi hana twahara husali nje ya jengo. Majirani zao Wayahudi, Beta Israel, walikuwa wakali zaidi: walijenga vijiji karibu na mito, wakawa na kibanda cha wanawake walio katika hedhi na cha waliojifungua, na walioga baada ya kuwagusa wasio wa dini yao, hata wakapewa jina la utani lenye maana ya usiniguse. Walipohamishiwa Israel kwa maelfu katika miaka ya 1984 na 1985, Marabi Wakuu wa nchi hiyo walidai wazamishwe kama tahadhari, ili pasiwe na shaka juu ya Uyahudi wao, na mwaka 1985 wahamiaji hao waliandamana kupinga. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huo wa jinsi maji yale yale yanavyoweza kuwa heshima au tusi: watu waliozama mtoni maisha yao yote waliyakataa maji yaliyokuwa yakiwaambia kwamba hawakuwa wamefika bado.

Katika mitaa ya Temeke na kwingineko jijini kuna utakaso wa aina ya tatu, ambao haumo katika mabishano ya maji mengi na machache, nao ni ule wa mafuta ya upako, maji ya upako, chumvi na vitambaa vinavyotolewa katika huduma za uponyaji na kufungua watu waliofungwa na mapepo. Mnamo tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyobarikiwa. Watetezi wa desturi hiyo huonyesha Agano la Kale, na si kwamba hawana pa kushika: Walawi 14 inamwagiza kuhani ampake aliyepona ukoma mafuta kwenye ncha ya sikio la kulia, kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia na kwenye kidole kikubwa cha mguu wa kulia. Hata hivyo sura hiyo hiyo inasema jambo ambalo halisikiki sana kwenye vipaza sauti. Kuhani wa Walawi haponyi. Hutoka nje ya kambi, huangalia ngozi, na akiona maradhi yamekwisha kuondoka ndipo utakaso huanza, nao huchukua siku nane. Mafuta huja siku ya mwisho, kwa mtu mzima wa afya, ili kumrudisha kwa watu wake. Kuyafanya mafuta kuwa dawa, na kuyapanga mbele ya mgonjwa badala ya nyuma yake, ni kuibeba ibada ya Walawi huku mkia ukiwa mbele.

Wasabato, waliofika Upare mwaka 1903, wametunza sehemu mbili ambazo makanisa mengine yalizilegeza. Hawali nguruwe, kwa sheria ya Walawi 11, jambo linalowafanya wawe upande wa Waislamu kila kitimoto kinapozungumzwa; na kabla ya Meza ya Bwana hutawadhana miguu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, kwa kufuata Yohana 13, ambapo Petro anaomba aoshwe hata kichwa na kujibiwa kwamba aliyekwisha oga anahitaji miguu tu. Wakatoliki hutenda hilo Alhamisi Kuu. Mwaka 2013 Papa Fransisko aliliondoa katika makanisa makubwa ya Roma na kulipeleka katika gereza la vijana la Casal del Marmo, akawaosha wafungwa, miongoni mwao wanawake na Waislamu. Na anayepita nje ya ukuta wa Gereza la Keko anaweza kuona kwa nini tendo hilo lilizungumzwa sana, kwani aliyeoshwa miguu kule Casal del Marmo hakuwa na uwezo wa kwenda popote.

Uyahudi wenyewe, ulio na watu wake, hauko Keko. Kuufuata kunahitaji basi kutoka Kituo cha Magufuli kule Mbezi Luis, kupitia Arusha na Namanga hadi Nairobi, ambako sinagogi la jumuiya ya Kihebrania limesimama kwenye kona ya University Way na Barabara ya Uhuru, kisha Malaba, Tororo na hatimaye Mbale, mashariki mwa Uganda, chini ya Mlima Elgon. Nje kidogo ya Mbale kuna kilima cha Nabugoye, makao ya Abayudaya, ambao historia yao ya utakaso inastahili kusomwa na kila anayedhani kwamba Uyahudi na Ukristo ni njia mbili zisizokutana. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza katika kulitwaa eneo hilo, akafarakana nao, akaingia madhehebu ya Malaki, na mwaka 1919, baada ya kusoma Agano la Kale na kukuta agizo la tohara, alijitahiri pamoja na wanawe na kujitangaza Myahudi. Kwa muda baada ya hapo jumuiya yake iliendelea kubatiza watoto, maana waliyokuwa nayo ilikuwa Biblia ya wamisionari na desturi zake; ni Myahudi mmoja mgeni aliyejulikana kwa jina la Yosefu, aliyepita mwaka 1920 na kukaa nao miezi kadhaa, aliyewaambia kwamba ubatizo si wao, nao wakauacha.

Kakungulu alifariki mwaka 1928, na wafuasi wake walipita katika kipindi cha Idi Amin, aliyeipiga dini yao marufuku, wakatoka wakiwa mia chache tu. Mwaka 2002 jopo la marabi wa mkondo wa Kihafidhina, wengi wao kutoka Marekani, lilifika Mbale na kuwapokea rasmi watu takriban 400. Uongofu wa Kiyahudi hukamilishwa kwa kuzamishwa mbele ya baraza la watu watatu, kwa hiyo wajukuu wa wale walioambiwa mwaka 1920 waache maji ya ubatizo waliingia majini tena, mmoja mmoja, safari hii bila nguo na bila kushikwa na mtu, kwa kuwa hata mkono wa msaidizi unaoshika kwa nguvu huhesabiwa kuwa kizuizi. Rabi wao, Gershom Sizomu, alipata daraja lake Los Angeles mwaka 2008. Lakini katika kijiji cha Putti, katika eneo hilo hilo la Mbale, walikuwapo waliosema kwamba uongofu wa mwaka 2002 haukutosha kwa kuwa baraza lake halikuwa la Kiorthodoksi. Maji hawakuyakosoa, na kipimo hawakukibishia. Walichokuwa wakitafuta ni mashahidi wengine watatu, na mbele ya mashahidi hao wangezamishwa upya.